Bibi Taratibu na Vitabu vya Hesabu: Historia ya Ukoo katika The Gunny Sack

Riwaya inayojengwa juu ya historia ya ukoo huzusha swali ambalo mhakiki hana budi kulikabili: mwandishi ana wajibu gani kwa wale wa ukoo huo ambao hawakuacha maandishi? The Gunny Sack (1989) ya M.G. Vassanji yafaa kuchunguzwa kwa mizani hiyo.

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Baba yake alipofariki, mama aliwahamishia watoto Dar es Salaam, akaendesha duka. Baadaye mwandishi alihamia Kanada. Msimulizi wake, Salim Juma, anapita njia iyo hiyo hadi ughaibuni. Hata hivyo, hii si tawasifu. Salim anarithi gunia kutoka kwa Ji Bai, na humo mna vitabu vya Dhanji Govindji, baba wa babu yake.

Vitabu vya mfanyabiashara huhifadhi mali na madeni. Bibi Taratibu, mtumwa aliyemzalia Dhanji mwana, Huseni, hakuandika lolote. Lakini Huseni ndiye babu wa Salim. Pasipo Bibi Taratibu hapana msimulizi. Kukiri kwamba ukoo unaojihesabu kuwa wa Kihindi una mama Mwafrika ni ushujaa mkubwa wa kazi hii. Udhaifu wake ni kwamba mama huyo hapewi nafasi ya kusimulia maisha yake kwa kinywa chake.

Yaweza kudaiwa kwamba kimya hicho ni uaminifu kwa historia. Dai hilo halitoshi, kwa kuwa mwandishi amebuni mengi ya wenye maduka ambayo nayo hayakuandikwa.

Msomaji wa Ziwani, Nairobi, huliona jambo hili upesi. Mtaa wake ulijengwa kwa ajili ya Waafrika zama za ukoloni, si mbali na Ngara walikokaa Waasia. Jirani yake ni Kariokor, jina lililo sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam: yote mawili yatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapo jina la mtaa limehifadhi kumbukumbu ya watu ambao wengi wao hawakuacha maandishi.

Katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), Vassanji alirudi Kenya, akampa Njoroge nafasi pana zaidi. Gunia, basi, lilikuwa mwanzo. Riwaya ya ukoo hukamilika pale tu inapowasikiliza hata wale ambao daftari halikuwahesabu kuwa jamaa.