Mwalimu Ajisahihishaye

Katika mwaka 1963 ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare imhusuyo Julius Caesar, na mfasiri wake alikuwa Rais wa Tanganyika, Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Mwaka 1969 ilitoka tena, imesahihishwa na mfasiri mwenyewe, ikiitwa Juliasi Kaizari. Mhakiki wa lugha huzilinganisha tafsiri hizo mbili ili apime ufasaha. Lakini zina funzo jingine limhusulo mhadhiri wa chuo kikuu: mtu aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko vyote nchini hakuona haya kuonyesha kwamba kazi yake ya kwanza ilihitaji kutengenezwa.

Katika vyumba vingi vya mihadhara hali ni kinyume cha hayo. Mhadhiri huingia na maandishi yaliyokwisha kukamilika. Huyasoma, wanafunzi huyanakili, na siku ya mtihani humrudishia yaliyo yake. Hawaoni aliposita, wala hawaoni alichokifuta. Hupewa chakula kilichoiva, wasijue moto uliwashwaje. Mtu aliyelishwa hivyo miaka mitatu hawezi kupika.

Nyerere aliujua ugonjwa huu, maana alikuwa mwalimu kwa kazi: alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, na baadaye Pugu hadi mwaka 1955. Katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Machi 1967, aliilaumu elimu imfanyayo mwanafunzi aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Aliilaumu pia mitihani ipimayo kukariri. Hoja hizo zingali na nguvu. Upungufu wa andiko hilo ni kwamba sehemu yake kubwa inahusu shule za msingi na za sekondari; mhadhiri anaambiwa elimu ni ya nini, lakini haambiwi afanyeje asubuhi atakaposimama mbele ya wanafunzi.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mwanafunzi afundishwaye kuuliza, hapana budi siku moja atamwuliza mwalimu wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kuyapinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Wakati huo huo Nyerere aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mhakiki wa haki hana budi kuyatazama yote mawili. Katika mshahara alijisahihisha hadharani, kama alivyojisahihisha baadaye katika tafsiri. Katika kuwafukuza waulizaji alitumia fimbo ambayo kila mhadhiri anayo ndogo yake, yaani alama za mtihani. Darasa lijualo kwamba swali gumu litalipiwa kwa alama halitauliza, hata likisihiwa.

Suala la lugha nalo halikwepeki. Nyerere alikuwa mtoto wa Wazanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka Kizanaki alikipa Kiswahili neno kung'atuka, ambalo sasa kila mtu analitumia. Hata hivyo aling'atuka urais mwaka 1985 akaacha Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia chuoni. Mwanafunzi awezaye kunakili kwa Kiingereza, lakini hawezi kubishana kwa lugha hiyo, hukaa kimya, na mhadhiri hudhani ameelewa.

Leo Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu, na mazingira yake yenyewe ni kitabu. Katika vijiji vya Bunda vipakanavyo na Serengeti, tembo hutoka hifadhini wakala mazao, na wakulima hukesha kuyalinda. Mhadhiri aanzaye kwa kutaja kanuni za uhifadhi atapata wanakili. Lakini aanzaye kwa kuuliza ni nani alipe hasara ya shamba lililoliwa, akawaacha wanafunzi wabishane kwa Kiswahili, kisha wakaenda kumsikiliza mkulima, ndipo wakarudi kwenye kanuni, atapata watu wanaofikiri. Afanye vivyo hivyo Musoma, kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria. Na mkulima au mvuvi akimshinda kwa hoja, aseme mbele ya wanafunzi wake kwamba ameshindwa, aufute mstari ule ubaoni, aandike mwingine.

Hapo baadhi ya wahadhiri huogopa kupoteza heshima. Hofu hiyo haina msingi. Miaka mingi imepita tangu Nyerere afariki mwaka 1999, na hakuna amdharauye kwa sababu alirudia tafsiri yake. Watu wanaendelea kumwita Mwalimu.