Joto la Jirani

Waliowahi kuingia Ferme aux Crocodiles, shamba la mamba la Pierrelatte, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Januari wanaikumbuka raha yake: nje upepo wa mistral unakata masikio, ndani ya kitalu nyumba mamba wa Nile wamejilaza kando ya bwawa kana kwamba wako Rufiji. Mabwawa yamejengwa vizuri, mimea imepangwa kwa ustadi. Kosa lilikuwa kwenye bomba.

Tangu lilipofunguliwa mwaka 1994, shamba hilo lilipata joto kwa jirani yake, kiwanda cha Eurodif kilichokuwa kikirutubisha urani pale Tricastin. Maji moto yaliyobaki kiwandani yaliletwa kwa mamba, kwenye nyumba za mji na kwenye vitalu vya wakulima. Wengi waliusifu mpango huo, na ni kweli joto lile lingepotea bure. Lakini kiwanda chenyewe kilianza kazi 1979, kwa teknolojia ya zamani iliyomeza umeme wa reakta tatu. Mamba wa Nile akitunzwa vyema huweza kufikisha miaka 60. Kumfungia mnyama wa umri huo kwenye mtambo ambao umeshazeeka ni uamuzi mbovu, hata kama maji ni ya bure.

Na ishara zilionekana mapema. Mwaka 2006 ujenzi wa kiwanda mrithi, Georges Besse II, ulianza, chenye mitungi inayozunguka kwa kasi na kuhitaji takriban sehemu moja kati ya hamsini ya umeme wa awali. Umeme ukipungua kiasi hicho, joto la kugawia majirani linatoka wapi? Juni 2012 Eurodif ikazimwa. Pengo likaja kuzibwa na mtambo wa kuchoma vipande vya mbao, jambo lililostahili kufikiriwa siku ya kwanza.

Mamba hajitengenezei joto. Bwawa likipoa, tumbo lake linaacha kusaga, na nyama aliyokwisha kumeza inamwozea ndani. Ndiyo maana mlezi makini husitisha chakula kabla ya baridi kumfikia. Ndiyo maana pia safu hii haichoki kurudia: pima maji, usipime hewa tu! Taa za joto za kuning'iniza, ambazo bado zinauzwa kama dawa ya kila kitu, zinaweza kumbabua mamba mkubwa mgongo huku tumbo lake likiwa juu ya saruji baridi.

Kuna wanaoacha bwawa lipoe na kujitetea kwa ile video ya Januari 2018 kutoka North Carolina, aligeta wakiwa wametoa pua juu ya barafu. Hao ni aligeta wa Marekani, waliozoea majira hayo. Baridi ilipoipiga Florida Januari 2010, aligeta walivumilia lakini mamba wa kweli walikufa kwa wingi. Wa Nile ni ndugu wa hao waliokufa.

Erwin Young aliifanya kazi hii ya kuwapa wanyama joto vizuri zaidi, tena mahali pagumu zaidi. Mwaka 1977 alianza kufuga perege huko Mosca, Colorado, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako majira ya baridi hugandisha kila kitu. Alitumia kisima cha maji ya moto ya ardhini, yanayotoka yakiwa na nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Mwaka 1987 akaleta aligeta wadogo wale mizoga ya samaki. Hakungoja kiwanda chochote kiwashwe. Theluji ikijaa ukingoni, mvuke unapanda juu ya bwawa na aligeta wanaelea pale maji yanapoingilia.