"Limesafishwa": na maji je?

Ukisoma kwenye ripoti kwamba eneo lililomwagika mafuta limesafishwa na kufungwa, usipige makofi kwanza. Uliza: walipima wapi?

Chukua Ogoniland, Nigeria. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2011 ilichunguza maeneo 15 ambayo rekodi za kampuni tanzu ya Shell zilionyesha kazi imekwisha. Maeneo 10 bado yalizidi kiwango cha kampuni yenyewe cha kufungia eneo. Katika 8, uchafu ulishafika kwenye maji ya ardhini.

Ilikuwaje? Njia iliyotumika ilishughulikia udongo wa juu: unageuzwa, unatiwa mbolea, bakteria wanakula mafuta. Wazo lenyewe si baya. Ila mafuta hushuka na mvua, na UNEP iliyakuta mita 5 chini au zaidi katika sehemu 49. Huko jembe halifiki, lakini kisima kinafika. Pale Nisisioken Ogale, visima vya kunywa vilikuwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya mwongozo wa WHO.

Basi, cheti kisichogusa maji ni karatasi tu. Ukioneshwa, omba vipimo vya kisima.