Mikono Inayomsimamisha Mbwa Mzee

Mtaalamu mzuri wa viungo vya mbwa huanza kazi yake bila kumgusa mgonjwa. Hukaa chini, akamwacha mbwa azunguke chumbani, anuse pembe zote, aende kwa mwenyewe na kurudi. Mgeni atadhani bado hakujaanza kitu. Kumbe kazi imeshapamba moto, kwa sababu mbwa mzee hasemi wapi panamuuma, na mara nyingi halii kabisa. Maumivu yake yamo katika namna anavyogeuka, anavyosita mbele ya ngazi, anavyokaa akiwa ameutupa mguu mmoja pembeni badala ya kuukunja chini ya mwili.

Kisha humtembeza. Mbwa mwenye afya hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na iliyobaki kwa ya nyuma. Nyonga zikianza kuuma, mzigo husogezwa mbele zaidi: shingo inainama, mabega yanajaa misuli, mapaja yanasinyaa. Baada ya matembezi huja mwendo wa telki, ule ambao mguu wa mbele wa upande mmoja hukanyaga pamoja na wa nyuma wa upande wa pili. Telki hufichua mengi kwa kuwa kila upande unapata zamu sawa, na mguu unaokwepa zamu yake hauna pa kujificha. Mguu wa mbele ukiwa na maumivu, kichwa huinuka pale unapokanyaga, halafu hushuka mguu usiouma unapopokea mzigo. Asiyefundishwa huona kichwa kinashuka akadhani upande huo ndio mbovu, na ni kinyume chake kabisa. Kwa miguu ya nyuma, hutazamwa nyonga: ile ya upande unaouma hupanda ghafla mguu unapogusa chini. Masikio nayo yana kazi. Kucha zikisikika zikikwaruza sakafu, mguu hauinuliwi vya kutosha, na kucha zenyewe ukizikagua utazikuta zimelika upande wa juu.

Baada ya macho huja mikono. Haianzi mahali panapouma. Huanza shingoni au mgongoni, polepole, mpaka mbwa aukubali uzito wa viganja, ndipo ishuke mabegani, kwenye mbavu, nyonga, mapaja, hadi vidoleni. Paja la kulia hupimwa kwa utepe, kisha la kushoto, mahali palepale, na tofauti ikaandikwa. Mabegani mara nyingi kuna mafundo ya misuli iliyofanya kazi ya miguu minne kwa muda mrefu. Mbwa akilamba midomo, akigeuza kichwa kutazama mkono, au akaacha kuhema ghafla, mkono umefika penyewe.

Kinachoipa kazi hii maana ni jinsi kiungo kilivyoumbwa. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu wala neva. Lishe yake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kwa gegedu kubanwa na kuachiwa, yaani kwa mwendo. Kiungo kinachokaa bila kutembea kinakosa lishe. Misuli inayokishika inapungua, kiungo kinalegea, maumivu yanazidi, na mbwa anazidi kulala. Lakini kiungo kilicholika kikitumikishwa kupita kiasi kinavimba, na siku inayofuata mbwa hainuki. Kwa hiyo mwendo ni dawa, na kama dawa yoyote una dozi yake. Naona hapo ndipo ulipo ufundi wote wa watu hawa: kujua ni mwendo kiasi gani, wa aina gani, kwa mbwa huyu, leo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji kifaa chochote. Mbwa anasimama juu ya mkeka usioteleza, miguu minne imenyooka chini ya mwili. Mtaalamu anapiga magoti nyuma yake, anaweka viganja viwili kwenye nyonga, anausukuma mwili kidogo kulia, anasubiri, anausukuma kushoto. Basi. Lakini kila msukumo unaulazimisha mguu mmoja kupokea uzito ambao umekuwa ukiukwepa, na misuli midogo inayoshika nyonga na uti wa mgongo inaamka ili mwili usianguke. Msukumo ukiwa hafifu mno, hakuna kilichofanyika. Ukizidi, mbwa anapiga hatua pembeni kujiokoa na zoezi limepotea, au anaogopa na kesho anakataa kusimama. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba sana, nayo hubadilika siku hadi siku kwa mbwa yuleyule. Mikono inaitafuta upya kila mara. Paja likianza kutetemeka, viganja vinaondoka, mbwa anapewa kipande cha nyama, anapumzika.

Mazoezi mengine nayo yana unyenyekevu huohuo. Kukaa na kuinuka, kwa mfano: mbwa mzee hujivuta kwa miguu ya mbele ili kuyaepusha mapaja, basi mtaalamu humkalisha kwenye jukwaa dogo ili asiinukie mbali, na kila mapaja yanapopata nguvu jukwaa hushushwa. Au fito, zilizotoka kwenye mafunzo ya farasi. Huanza zikiwa zimelazwa chini, zimepangwa kwa umbali unaolingana na urefu wa mbwa, naye akazivuka moja moja. Zikiinuliwa kidogo tu, kila kiungo cha mguu hulazimika kukunjwa zaidi, na mbwa hulazimika kukumbuka miguu yake ya nyuma iko wapi. Uzee humpunguzia kumbukumbu hiyo, na fito humrudishia kwa kiasi fulani.

Hukumu ya yote hutolewa asubuhi ya pili. Mbwa akiamka na viungo vilivyokakamaa kuliko jana, dozi ilizidi, na mazoezi hupunguzwa, pengine kwa nusu. Akiamka vilevile au akiwa mwepesi zaidi, huongezwa kidogo. Ni kanuni isiyohitaji mashine, lakini inadai mtu wa kumtazama mbwa kila siku na kusema kweli. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Anna Hielm-Björkman na wenzake walitengeneza dodoso la maswali 11 kwa wenye mbwa: ana furaha kiasi gani, anapenda kucheza, anatembeaje, analala na kuinuka kwa shida gani, yukoje baada ya kupumzika na baada ya kazi nzito. Majibu hujumlishwa kuwa alama, na alama za mwezi huu hulinganishwa na za mwezi uliopita. Navutiwa na heshima iliyomo humo: aliye nyumbani na mbwa anahesabiwa kuwa shahidi, na ushahidi wake unaandikwa.

Taaluma yenyewe bado changa. Mwaka 1999 wataalamu wa fiziotherapia ya wanyama walifanya kongamano lao la kwanza la kimataifa Corvallis, katika jimbo la Oregon, Marekani, na mwaka 2004 Darryl Millis, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Tennessee, na David Levine, mtaalamu wa fiziotherapia ya binadamu, pamoja na Robert Taylor, walitoa kitabu kikubwa cha kufundishia fani hiyo. Millis alijua mnyama, Levine alijua mazoezi, na fani ilihitaji ujuzi wote huo.

Ndani ya maji dozi hupimwa kwa sentimita. Mbwa huingizwa katika tangi la kioo lenye mkanda unaozunguka chini, maji ya uvuguvugu yakapandishwa taratibu, kisha mkanda ukaanza kwenda. Watafiti waliopima uzito unaobaki miguuni walikuta kwamba maji yakifika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, 85. Yakifika nyonga, 38 tu. Kwa hiyo mbwa ambaye nchi kavu hawezi hatua kumi hutembea majini akiwa amebakiwa na theluthi na kidogo ya mzigo wake, na viungo vinapata lishe bila kuchomwa. Anayesimamia huwa pembeni au ndani ya maji pamoja naye, akitazama kama nyayo za nyuma zinafika sawa. Mbwa akianza kuelea na kupiga makasia badala ya kukanyaga, maji yamezidi. Wiki zikienda vizuri, maji hupunguzwa.

Halafu kuna mizani. Watafiti wa Purina nchini Marekani waliwalea mbwa 48 wa aina ya Labrador kwa jozi, tangu wakiwa na umri wa wiki 8 hadi kufa kwao. Katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: nusu ya waliokula kidogo walivuka miaka 13, wakati kwa wenzao kikomo hicho kilikuwa miaka 11.2. Ugonjwa wa viungo nao ulichelewa kuwapata hao waliokula kidogo. Na kwa mbwa ambaye tayari ni mnene na anachechemea, utafiti mwingine ulionyesha nafuu ikianza kuonekana baada ya kupungua asilimia 6 hivi ya uzito. Mbwa wa kilo 35 hupata nafuu hiyo kwa kupunguza kilo 2 na ushee. Najua inavyouma kumnyima mbwa mzee kipande cha chapati anapokuangalia mezani. Lakini kila kilo anayoondolewa ni mzigo ulioshushwa kwenye nyonga zake mchana na usiku, hata mtaalamu akiwa hayupo.

Dawa za kutuliza maumivu zina nafasi yake, na kwa daktari mwema si adui wa mazoezi. Humpa mbwa unafuu wa kutosha kuweza kuyafanya.

Ipo siku ambapo miguu ya nyuma haiitiki tena. Wapo mbwa, hasa wa aina ya German Shepherd, wanaopata ugonjwa wa uti wa mgongo unaoanza nyuma na kupanda mbele polepole, bila maumivu na bila tiba. Hapo huingia fundi wa vigari. Lincoln Parkes, daktari wa mifugo wa Marekani, alianza kuvitengeneza mwaka 1961. Mwaka 1989 Eddie Grinnell, mhandisi wa mitambo wa Massachusetts, alimtengenezea kigari mbwa wa familia yake, Doberman aitwaye Buddha aliyepooza, na kazi hiyo ikageuka karakana ya kuwahudumia mbwa wengine wengi. Fundi humpima mbwa kama fundi cherehani anavyompima mteja wa suti: urefu wa mgongo, upana wa nyonga, kimo, mzingo wa kifua. Ekseli ndiyo siri. Magurudumu yakikaa nyuma mno, uzito unaangukia mabegani, ambayo tayari yamechoka. Yakikaa chini ya nyonga, mwili unatulia. Kwa mbwa ambaye hata miguu ya mbele imedhoofu, ekseli husogezwa mbele zaidi ili uzito wa nyuma uyanyanyue mabega. Na mbwa ambaye bado ana nguvu kidogo nyuma haning'inizwi. Miguu yake huachwa iguse ardhi, ikanyage kadiri inavyoweza, kwa sababu hata hatua dhaifu bado ni lishe ya kiungo.

Afrika Mashariki hatuna matangi mengi ya kioo, lakini tunao madaktari wa mifugo waliosomea Kabete, Morogoro na Makerere, na sehemu kubwa ya ufundi huu haihitaji umeme. Mbwa wetu wengi ni walinzi. Hulala juu ya saruji karibu na geti, na saruji ni ngumu kwa viwiko na nyonga za mzee. Godoro kuukuu lililofunikwa turubai, likawekwa pasipovuja, hubadilisha usiku wake. Nyumba zetu mpya zina vigae vinavyong'aa, na juu ya vigae miguu ya nyuma ya mzee hutawanyika. Mkeka au zulia lenye mpira chini, likatandikwa kwenye njia yake ya kila siku, humrudishia ujasiri. Kucha ndefu husukuma vidole juu na kuharibu namna anavyosimama, kwa hiyo zikatwe mara kwa mara, na manyoya yaliyojaa kati ya nyayo yapunguzwe. Matembezi mafupi kila siku, asubuhi kabla ya jua kali na jioni, yanamfaa kuliko safari moja ndefu ya Jumapili. Kanga iliyokunjwa ikapitishwa chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, inatosha kumsaidia kupanda ngazi, mradi anayeishika aende kwa mwendo wa mbwa, si kwa mwendo wake. Na asiyeweza kuinuka kabisa ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache, la sivyo ngozi itachubuka na kufanya vidonda.

Basi, ndugu msomaji, mbwa wako akianza kuchelewa kuinuka usiseme ni uzee tu ukamwacha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, misuli ya mapaja ikiwa bado ipo, kwa maana iliyokwisha kusinyaa hurudi kwa shida. Mwombe ampime uzito, amtazame akitembea, akuonyeshe zoezi moja au mawili ya kufanya nyumbani. Na usimpe ibuprofen wala diclofenac iliyobaki kabatini. Dawa hizo za binadamu zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na mbwa huweza kufa kwa sababu yake.