Mpishi wa Ngong na Mpishi wa Norway: Kumsoma Karen Blixen kutoka Karatu

Miongoni mwa wanawake walioandika juu ya Afrika Mashariki katika karne ya 20, ni wachache waliosomwa kama Karen Blixen wa Denmark, aliyetumia pia jina la Isak Dinesen. Alizaliwa mwaka 1885, akafika Mombasa Januari 1914, akalima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi shamba lilipouzwa mwaka 1931. Kitabu chake Out of Africa kilitoka mwaka 1937, na filamu iliyotokana nacho mwaka 1985. Alifariki mwaka 1962. Katika makala hii hatukusudii kusimulia maisha yake yote. Twauliza swali moja tu: mwandishi aliyeielewa neema vizuri namna ile, alimshuhudiaje jirani yake?

Swali hili latuhusu sisi tunaohudumu Karatu na Ngorongoro. Huku nako walowezi wa Kijerumani walilima kahawa Oldeani kati ya vita kuu mbili, na kabla ya mwaka 1914 ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba ndani ya kreta yenyewe. Leo watalii waendao kreta hupita Karatu, na baadhi yao huja na picha ya Afrika waliyopewa na kitabu kile na filamu ile. Wanaowapikia ni vijana wetu, ambao baadhi yao tumewabatiza na kuwapa kipaimara. Basi jinsi mpishi anavyoandikwa si jambo dogo kwetu.

Tuanze na mpishi wa Norway. Mwaka 1950 Blixen alichapisha hadithi ya Babette, mwanamke Mfaransa aliyekimbia machafuko ya Paris ya mwaka 1871, akapokewa na dada wawili, binti za mhubiri. Dada hao waliitwa Martine na Philippa, kwa heshima ya Luther na Melanchthon. Babette anashinda bahati nasibu ya faranga 10,000, na fedha yote anaitumia kuwaandalia watu 12 chakula cha jioni. Wazee wa kundi lile, waliokuwa na magomvi ya miaka mingi, wanapatana mezani. Jenerali mmoja anasimama na kunena juu ya neema isiyo na masharti. Mwishoni Babette anajitambulisha kuwa msanii mkubwa, wala hapungukiwi heshima kwa kuwa mpishi. Ni vigumu kupata hadithi inayofundisha karama ya bure kwa uzuri kuliko hii.

Sasa twende kwa mpishi wa Ngong. Kamante Gatura alikuwa mtoto mwenye vidonda miguuni. Blixen alimpeleka katika hospitali ya misioni ya Waskoti huko Kikuyu, naye akarudi amepona na amekuwa Mkristo. Akafundishwa upishi wa Kizungu, akawa hodari hata mwana wa mfalme wa Uingereza, alipokula pale mwaka 1928, akausifu mchuzi wake. Blixen anakiri kipaji hicho bila choyo. Lakini anasimulia pia kwamba Kamante alikuwa akimletea chakula cha kwao, kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo. Na hapo anamfananisha na mbwa aliyezoea watu, awekaye mfupa mbele ya bwana wake kuwa zawadi. Mpishi wa Norway ametoa karama, na mpishi wa Ngong ametoa karama. Tendo ni moja, ila mmoja ameitwa msanii na mwingine amefananishwa na mbwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilishutumu jambo hili kwa ukali huko Denmark mwaka 1980. Wako watakaomtetea mwandishi, na utetezi wao una haki. Ni Blixen mwenyewe aliyeandika kwamba huenda Wakikuyu waliokaa shambani walimwona yeye kuwa ndiye mpangaji katika ardhi yao. Tena kabla ya kuondoka alihangaika kwa serikali hadi wakapewa mahali pa kukaa pamoja. Mwingine aweza kusema kwamba kati ya mwaka 1937 na 1950 alikuwa amejifunza. Hata hivyo, mwaka 1960 alizirudia habari za watumishi wake wa Kenya, na bado alichokisifu ni uhusiano wa bwana na mtumishi. Wema wake hatuukani. Amri ya Nane, jinsi Luther alivyoifafanua, yataka zaidi ya wema: yataka tumnene jirani vema na kuyapokea matendo yake kwa maana iliyo bora. Kiazi cha Kamante kilistahili kupokewa hivyo.

Katika Mathayo 15 mama Mkanaani naye alisikia neno la mbwa na makombo. Ila Injili ilimwachia nafasi ya kujibu, na jibu lake likasifiwa na Bwana kuwa imani kubwa. Kamante hakupewa nafasi hiyo katika kitabu cha mwajiri wake. Aliipata mwaka 1975, simulizi zake mwenyewe zilipochapishwa zikiwa zimekusanywa na mpiga picha Peter Beard. Kwa hiyo twashauri wanafunzi wetu wavisome vitabu hivyo viwili kwa pamoja, na hadithi ya Babette iwe ya tatu.

Hatimaye yatupasa tujipime. Katika semina na mikutano yetu ya kanisa huwashukuru wahubiri na wageni kwa majina, na mwishoni twasema tu kwamba chakula kilikuwa kizuri. Akina mama waliokesha jikoni wanabaki bila kutajwa, na mara nyingi hula mwisho. Mchungaji anayemhukumu Blixen aanze kwa kuyajua majina yao, na kuwakaribisha mezani wakati chakula kingali moto.