Journey kabla ya Steve Perry: namna ya kuzipima albamu tatu za mwanzo

Aliyeifahamu Journey kupitia "Don't Stop Believin'" ya mwaka 1981, akiwekewa albamu za mwanzo za bendi hiyo, hudhani amepewa santuri ya watu wengine. Anangoja sauti ya Steve Perry ipande, nayo haipandi, maana Perry alijiunga mwaka 1977 na albamu yake ya kwanza na bendi, Infinity, ilitoka mwaka 1978. Kabla ya hapo zipo tatu: Journey (1975), Look into the Future (1976) na Next (1977). Wengi huzitupa zote kwa hoja moja, kwamba hazina mwimbaji. Nakataa kipimo hicho. Hizi ni kazi za wapigaji, na mpigaji hupimwa kwa mikono yake kabla ya kuulizwa habari za koo.

Tuanze na waliokuwamo. Bendi iliundwa San Francisco mwaka 1973, mkusanyaji akiwa meneja Herbie Herbert. Wawili walitoka bendi ya Santana. Gregg Rolie, mpiga kinanda, ndiye aliyeimba "Evil Ways" na "Black Magic Woman", na alikuwa jukwaani kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969. Neal Schon, mpiga solo, aliingia Santana akiwa kijana ambaye hajafika miaka 20, akapiga katika albamu za Santana III na Caravanserai. Besi alishika Ross Valory, gitaa la rizimu George Tickner. Nyuma ya ngoma aliketi Aynsley Dunbar, Mwingereza wa Liverpool, aliyekwisha kupiga na John Mayall, Frank Zappa na David Bowie. Kwa hiyo hoja ya kukosa mwimbaji inaanguka mapema. Mwimbaji alikuwapo, tena mwenye sauti iliyokwisha kuvuma duniani. Ila aliimba huku mikono yake miwili ikiwa na kazi kwenye kinanda cha Hammond, na muziki ulitungwa kwa kulijua hilo.

Jambo la kwanza la kusikiliza, basi, ni kinachotokea sauti inapokoma. Hapa msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi ana faida kubwa. Anajua kwamba mwimbaji akimaliza beti zake wimbo ndio kwanza unaingia kwenye chemko, na hakuna anayetoka ukumbini. Chukua "Of a Lifetime", wimbo unaofungua albamu ya 1975, wenye urefu wa karibu dakika 7. Rolie anaimba polepole, kwa uchungu wa bluzi, kisha Schon anapokea. Mpiga solo wa kawaida akipewa nafasi kama hiyo humwaga noti zote alizonazo. Schon anaanza kwa kuzivuta, anaiacha noti moja ilie mpaka ikaribie kuisha pumzi, na kasi anaileta baadaye, wakati sikio limekwisha kuiomba. Solo ya namna hii ina safari: ukiikata katikati utasikia kwamba umekata kitu. Solo mbovu unaweza kuikata popote na hakuna atakayegundua.

Jambo la pili ni ngoma, na hapo ndipo ninapowasihi wasikilizaji watulie. Dunbar ana kasi, lakini kasi ni ya kawaida kwa wapigaji wa daraja lake. Msikilize anavyojibu. Schon akipandisha, yeye anahamia kwenye matoazi. Kinanda kikishuka, anabaki na mguu na mkono mmoja tu. Anawasukuma wenzake bila kuwaharakisha. Wimbo wa kujifunzia hili ni "Kohoutek", wa ala tupu, uliopewa jina la nyotamkia iliyolipita jua mwishoni mwa Desemba 1973. Watu walikuwa wameahidiwa mwanga mkubwa angani, na nyotamkia hiyo haikung'aa walivyotarajia. Siku hizohizo, usiku wa tarehe 31 Desemba, Journey walipanda jukwaa la Winterland, San Francisco, kwa onyesho lao la kwanza mbele ya umma. Katika "Kohoutek" gitaa na kinanda vinakwenda sambamba kwa mafungu ya noti yaliyopangwa barabara, kisha vinaachana na kila kimoja kinapita njia yake, na anayevirudisha pamoja ni Dunbar. Usikilize mara moja ukifuata gitaa, halafu urudie ukifuata ngoma peke yake. Utakuwa umesikia nyimbo mbili.

Kurekodi nako kuna uzito wake. Albamu ya kwanza ilitayarishwa na Roy Halee, yuleyule wa Simon na Garfunkel, na mkono wake unasikika: kila chombo kina mahali pake, na kati ya kimoja na kingine pana hewa. Rizimu ya Tickner, ambayo watu hawaizungumzii, unaisikia vizuri ikiwa chini ya solo, na ndiyo inayompa Schon uhuru wa kuondoka. Tickner aliacha bendi baada ya albamu hiyo, ingawa jina lake liliendelea kuonekana kwenye utunzi wa nyimbo zilizofuata. Mbili zilizobaki bendi ilizitayarisha yenyewe, na gitaa la pili halikuwa tena na mtu wake. Mwenye sikio zuri atasikia tofauti hiyo kabla hajasoma majina kwenye jalada.

Look into the Future ndiyo inayonisumbua zaidi katika kuhukumu. Ndani yake mna wimbo bora kuliko wote wa kipindi hiki, na mna nyimbo ambazo bendi ya kiwango hiki haikuzihitaji. "It's All Too Much", wimbo wa George Harrison kutoka Yellow Submarine, wameupiga kwa nguvu na kwa kuufupisha, lakini hawakuongeza kitu ambacho Beatles hawakukisema. "On a Saturday Nite" ni wa kuchangamsha tu. Ukifika kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, mambo yanabadilika. Unachukua zaidi ya dakika 8, unaanza kwa utulivu, na Rolie anaimba vizuri kuliko mahali pengine popote katika albamu hizi tatu. Halazimishi sauti, wala hajaribu kushindana na gitaa. Solo inapoingia haionekani kama kipande kilichobandikwa, kwa sababu imetoka ndani ya wimbo wenyewe. Kwa wanaodai Rolie hakutosha, huu ndio ushahidi wangu. "I'm Gonna Leave You", unaofunga albamu, nao ni mzuri, kinanda kikiwa ndicho kiongozi.

Next ni ngumu zaidi, na ina haraka. "Spaceman" na "People" zinatafuta redio bila kuificha nia hiyo. Schon mwenyewe anaimba mbili, "I Would Find You" na "Karma", na hapa nakubaliana na walalamikaji: sauti yake inafikisha maneno, lakini haina rangi ya kumbakisha mtu. Hata hivyo, usiiache albamu hii kabla ya "Nickel and Dime", wa ala tupu. Mapigo yake yamekatwa kwa hesabu isiyo ya kawaida, na ukijaribu kuyafuata kwa kupiga makofi utapotea. Bendi haipotei hata mara moja. Valory, anayesahaulika katika mazungumzo mengi ya Journey, ndiye nguzo ya wimbo huo.

Sokoni hazikufika mbali. Katika orodha ya Billboard ya Marekani, ya kwanza iliishia nafasi ya 138, ya pili ya 100, ya tatu ya 85. Kampuni ya Columbia ikataka mwimbaji wa kusimama mbele. Akaja Robert Fleischman kwa muda mfupi, kisha Perry, na Infinity, chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker aliyekwisha kufanya kazi na Queen, ikafika nafasi ya 21. Sina ugomvi na ushindi huo. Perry ni mwimbaji wa ajabu, na "Wheel in the Sky" ni wimbo uliojengwa vyema. Lakini uweke mara tu baada ya "Nickel and Dime" usikie kilicholipwa: nafasi ya Schon imepunguzwa, na Dunbar, aliyezoea kujibu, sasa anatunza mapigo. Baada ya Infinity aliondoka, kiti chake kikachukuliwa na Steve Smith. Rolie naye aliondoka mwaka 1980.

Ukitaka kuanza, usianze na In the Beginning, mkusanyiko uliochukua nyimbo za albamu hizi tatu na kuzichanganya. Mchanganyiko huo unaficha namna bendi ilivyobadilika mwaka hadi mwaka, na bila kuyasikia mabadiliko hayo huwezi kuhukumu. Anza na upande wa kwanza wa albamu ya 1975, kwa mpangilio wake: "Of a Lifetime", "In the Morning Day", "Kohoutek", "To Play Some Music". Ukiupenda, geuza. Ya 1976 inunue kwa ajili ya wimbo wa jina lake. Ya 1977 iwe ya mwisho, na uisikilize bila kuruka. Kwangu mimi, kwa ujumla wa upigaji, albamu ya 1975 ndiyo bora kuliko zote tatu, na hakuna albamu ya Journey ya baadaye ambayo watu watano wanasikilizana ndani yake kama walivyosikilizana humo.