Sahani ya Mchana Mofu

Mtu wa Mofu akikwambia twende hotelini, usidhani anakupeleka mahali pa kulala. Anakupeleka kwenye banda la mabati lenye mabenchi mawili, meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, na sufuria tatu zilizoinamiwa na mama mmoja. Hoteli ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa. Jina lake silitaji, maana haina bango. Wenyeji huijua kwa jina la mwenyewe, naye sikumwomba ruhusa.

Huenda msomaji akauliza, nani aliyenipa uhakimu wa sufuria za watu? Mwaka 1991, nikiwa bwana shamba wa mpunga, nilipelekwa masomoni miezi mitatu katika mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Huko mchana tulikula katika nyumba ndogo ambazo Wafaransa huziita bistro. Wapo wasemao kuwa neno hilo lililetwa na askari wa Kirusi walioingia Paris mwaka 1814 wakitaka wahudumiwe haraka. Wataalamu wa lugha hawaikubali hadithi hiyo, kwa kuwa neno lenyewe halionekani katika maandishi ya Kifaransa mpaka miaka ya 1880. Lakini mimi sikuvutwa na jina. Nilivutwa na ubao mweusi, kama ule wa darasani, uliosimamishwa mlangoni kila siku ukiwa na chakula cha mchana kilichoandikwa kwa chaki. Mwenye nyumba ameamka, amekwenda sokoni, amenunua alichokikuta, amekipika. Leo ni dengu na soseji, kesho ni nyama ya ng'ombe iliyotokoteshwa kwa mvinyo saa nyingi mpaka inaachana yenyewe. Kikiisha, anakifuta ubaoni, wala haoni haya. Ule hicho au uende kwingine.

Niliporudi nyumbani nilicheka, maana nilikuwa nimevuka bahari kwenda kustaajabia jambo ambalo akina mama wa bonde la Kilombero walikuwa wakilifanya siku zote, ila hawakuwa na chaki.

Hoteli yetu ya Mofu ubao wake ni mdomo wa mama. Unaingia, unasalimia, unaletewa jagi na beseni unanawa, kisha unaambiwa: leo kuna wali na kambale, au wali na maharage. Basi. Kambale ni wa moshi, aliyekaushwa juu ya kichanja na wavuvi wa kule mabwawani. Mama humloweka kwa maji ya uvuguvugu, akamchambua, akamtia nyanya, kitunguu na ndimu, na siku nazi zikipatikana, tui. Moshi haumtoki, wala hautakiwi umtoke. Mchuzi wake ni mwepesi, rangi ya matofali, nao huingia ndani ya wali badala ya kukaa pembeni kama mgeni. Wali wenyewe hupikwa kwa kuni, na maji yakikauka mama hupunguza moto chini, akapalia makaa juu ya mfuniko. Anayejua mambo huomba na ukoko. Anayeona haya kuomba ukoko hajafika Mofu.

Kasoro zipo. Majani ya maboga huchemshwa mpaka yanasahau kwamba yalikuwa majani. Chai ina sukari ya harusi. Benchi la upande wa barabara lina mguu mmoja mfupi, na kwa muda wa miaka sita nimekuwa nikiambiwa fundi anakuja. Hata hivyo haya ni madogo nikiyalinganisha na yale ninayoyakuta nikienda mjini, kwenye nyumba za kula zenye orodha ndefu iliyochorwa ukutani: biriani, pilau, kuku wa kukaanga, chipsi, mishikaki. Ukiuliza hili, halipo. Ukiuliza lile, limeisha jana. Mwisho unaletewa wali na maharage, na mpishi amenuna kwa sababu umemlazimisha akuletee kitu anachokijua.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka juzi, baada ya mavuno, niliketi pale nikala, nikaona sahani ina upungufu ambao sikuweza kuutaja. Kambale alikuwa yule yule, moto ule ule. Nilipomaliza nusu ndipo nikafahamu: wali ulikuwa kimya. Zamani sufuria ikifunuliwa tu, harufu ilikulaki barabarani. Nikamwita mama, nikamwambia kwa utaratibu, maana wateja walikuwapo.

"Mama, siku hizi wali wako haunukii."

Akaweka mwiko chini. "Bwana Shamba, mbegu hii si wewe uliyetuletea?"

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mbegu ya SARO 5, ambayo kitaalamu ni TXD 306, iliidhinishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi mpaka nilipostaafu nilipita kijiji kwa kijiji nikiihubiri. Niliwaeleza wakulima kwamba supa ni mrefu, hulala upepo ukivuma, huchelewa kukomaa, na huzaa kidogo. Yote hayo ni sahihi, na leo ningeyasema tena. Harufu nilikuwa naitaja mwishoni, kwa haraka, kama mtu anayetaja deni. Mbegu mpya inanukia kiasi, nilikuwa nasema. Kiasi. Sasa kiasi hicho kilikuwa kimewekwa mbele yangu kwenye sahani ya bati.

Mama hakunionea. Wateja walipopungua alikuja akakaa, akanieleza kwamba ekari yake moja ya supa ilikuwa ikimpa magunia manane, na mwaka mbaya matano. Hii mpya imempa ishirini. Mabati haya juu ya vichwa vyetu yametoka humo, na ada ya binti yake anayesomea uuguzi imetoka humo.

"Ningekupikia harufu," akasema, "wewe mmoja ungefurahi."

Niliyasoma yale mabati. Mhakiki wa chakula hufundishwa kuangalia kilichomo kwenye sahani na kuacha yaliyo nje yake. Mimi sikuweza. Wali ule ulikuwa hafifu kuliko wa zamani. Hilo ni hukumu yangu na silibadilishi. Ila sikuona ni kwa mdomo gani ningemshauri arudi kwenye magunia manane.

Nikamuuliza kama supa imekwisha kabisa. Akasema hapana, amebakiza kipande kidogo nyuma ya nyumba, jembe lake mwenyewe, kwa ajili ya sikukuu na siku binti atakapoolewa.

"Niuzie sahani moja ya huo."

"Huo hauuzwi, Bwana Shamba."

Akainuka kwenda kufunika sufuria. Mimi nikaagiza nusu nyingine ya wali ule ule, na kambale, na ukoko.